Moto Usio na Haraka

Jumanne, kipindi cha nne, Bi Funguo alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo ya maabara akifuta bureti, mrija wa kioo wa kupimia kemikali, kwa kitambaa cha pamba. Alikuwa mtunza maabara wa shule ile kwa miaka ishirini na miwili. Jina la Funguo alipewa na wanafunzi kwa sababu ya kishada cha funguo alichokifunga kiunoni, kizito kiasi kwamba sketi yake ilikaa upande siku zote.

Mbele ya darasa alikuwepo mdogo wake wa kiume, mwalimu wa kemia. Bi Funguo ndiye aliyempeleka darasa la kwanza akiwa amemshika mkono, na ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, ila sasa saa za kazi alilazimika kumwita Mwalimu. Wanafunzi walimwita Mwalimu Cheche na walimpenda, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusinzia kwenye kipindi chake.

Siku hiyo alikuwa akionyesha moto wa rangi. Juu ya meza kulikuwa na vibakuli vitano vya kauri, kila kimoja na chumvi yake na spiriti kidogo. Cha chumvi ya kawaida kiliwaka njano, kingine zambarau, kingine rangi ya chungwa, kingine nyekundu. Cha chumvi ya shaba kiliwaka kijani, lakini kilikuwa kimewekwa penye jua, maana pazia la dirisha la mwisho lilichanika muhula uliopita na halijashonwa. Moto wake ukafifia, kisha ukawa hauonekani.

Mwalimu Cheche akachukua chupa ya spiriti. Ilikuwa chupa kubwa ya lita nne, na iliyobaki ndani haikufika nusu.

"Usiongeze," Bi Funguo alisema kutoka mlangoni. "Huo moto haujazimika."

"Umezimika, dada. Hebu angalia."

"Moto wa spiriti hauonekani juani. Weka kiganja juu yake uone."

"Kila mwaka unaniambia hivyohivyo."

"Na kila mwaka unakuwa haujazimika."

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, akainamisha chupa, akamimina.

Moto ulipanda kwenye ule uzi wa spiriti kama mtu anayepanda ngazi za kwake, ukaingia ndani ya chupa, na chupa ikatoa sauti nene, kama ya mtu anayepuliza mdomo wa mtungi. Kisha moto ukatoka. Ulitoka mwembamba na mrefu, buluu kwenye shina na kijani pembeni, ukaelekea mstari wa tatu, kiti namba kumi na saba, alipokaa Kiranja wa darasa. Mwalimu aliachia chupa. Ikaanguka juu ya meza bila kupasuka, shingo yake ikaegemea kigoda kidogo cha chuma cha kuwekea vyombo, mdomo ukiwa umeelekea darasani.

Moto ulipotoka umbali wa mkono hivi, ukapunguza mwendo. Haukusimama, ulikwenda tu kama mtu aliyetoka nyumbani mapema na anajua safari yake si ndefu.

Hakuna aliyepiga kelele. Wakati wa kupiga kelele ulipita wakiwa bado wanausubiri moto ufike.

"Endeleeni kuandika," Mwalimu alisema, kwa sababu ndilo neno alilolizoea. Wakaendelea kuandika. Kengele ilipolia, wa mistari miwili ya mbele walitoka kwa kuinama.

Bi Funguo alibaki. Alijaribu kuigeuza chupa iangalie ukutani, lakini ilikuwa kama kujaribu kugeuza ukuta wenyewe. Alimwaga ndoo mbili za mchanga, na moto ukapita katikati ya mchanga bila kubadili rangi. Alitundika gunia lililolowa mbele ya ncha. Gunia likakauka usiku kucha, na kesho yake adhuhuri likawa na tundu la mviringo, safi kama lililokatwa na fundi cherehani. Kulikuwa na mtungi wa zimamoto, ila ulikaa ofisini kwa mkuu wa shule ili usipotee, na mshale wake ulikuwa umelala kwenye nyekundu tangu mwaka juzi. Ulikuwa unazuia mlango usijifunge kwa upepo, na kazi hiyo uliifanya vizuri.

Bi Funguo akaelewa. Kilichotokea kilikuwa kimeshatokea. Kilichobaki ni kufika.

Mkuu wa shule, mama nadhifu mwenye miwani ya kusomea juu ya paji la uso, alikuja kuangalia siku ileile ya Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Alizunguka meza mara moja.

"Umemgusa mtu?"

"Bado, Mkuu," Bi Funguo alijibu.

"Basi si ajali."

Alikuwa amekuja na fomu ya ajali, akamwonyesha. Ilitaka jina la aliyeumia, sehemu ya mwili iliyoumia, tarehe na saa. Hakukuwa na mahali pa kuandika jambo ambalo bado liko njiani. Mkuu aliiweka fomu kwenye droo ya meza ya Mwalimu, akasema ijazwe itakapokuwa na cha kujazwa.

Jumatano, saa nne na dakika kumi, Kiranja alikuja na rula na uzi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mtaratibu, mwenye mwandiko mdogo uliokaa sawa hata kwenye karatasi isiyo na mistari. Ukiranja alipewa kwa sababu hiyo. Alipima kutoka ncha ya moto hadi pale paji lake la uso linapokaa akiwa ameketi, akapiga hesabu nyuma ya daftari.

"Jana nilipopima kulikuwa na mita mbili na sentimita ishirini na nne," alimwambia Bi Funguo. "Leo umesogea sentimita nane. Zimebaki siku ishirini na saba. Utafika Jumanne, saa kama hii."

"Umehesabu na Jumapili?"

"Moto haupumziki Jumapili, Bi Funguo."

Wakatazamana, kisha wote wawili wakatazama kiti. Viti vya maabara ile vilikuwa vya chuma, vimefungwa sakafuni kwa bolti nne nne.

Wiki ya kwanza maabara ilipata wageni wengi. Mwalimu wa sanaa alileta darasa lake kuuchora moto, akalalamika kwamba kijani kile hakipatikani kwenye rangi za shule. Walimu waligundua kwamba birika likiwekwa ubavuni mwa moto huchemka, ila huchukua saa mbili, kwa kuwa hata joto lilikuwa na mwendo wake na sehemu kubwa ilikuwa bado haijafika. Mtu angeweza kuweka uso karibu na ncha na kuhisi kama ameshika kikombe cha chai iliyopoa. Karani wa ofisi alianika pale bahasha zilizolowa mvua. Mkuu aliwapitisha wazazi waliokuja kutafuta nafasi za watoto wao, akawaambia shule inajali sayansi kwa vitendo.

Aliyebadilika ni Mwalimu Cheche. Alianza kufundisha akiwa amesimama nyuma ya darasa, karibu na mlango, na wanafunzi wakawa wanageuza shingo kumsikiliza. Vicheko vyake viliisha kidogokidogo. Mwisho akawa anamwachia Bi Funguo maelezo, kwa kisingizio cha koo.

Bi Funguo hakuwa na cheti cha kufundisha, lakini alikuwa na chupa ya kioo na moto uliokaa ndani yake bila haraka, na chochote alichotaka kuonyesha kilikuwa kinaonekana. Wanafunzi waliizunguka meza.

"Mbona chupa haikupasuka?" Kiranja aliuliza.

"Kwa sababu ina mdomo. Moto ulitaka nafasi, chupa ikaupa njia moja tu. Hiyo sasa ni bunduki. Tofauti ni kwamba hakuna aliyelenga."

"Na ingekuwa imejaa spiriti mpaka juu?"

"Afadhali ingejaa. Spiriti yenyewe si ya kuogopa sana. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Nyinyi mnaona chupa imekwisha nusu, mnasema imebaki kidogo, haina neno. Hiyo nusu mnayoiona tupu ndiyo iliyojaa."

Aliwaonyesha kwamba mvuke ni mzito kuliko hewa, unashuka mezani na kutambaa, na mtu anaweza kuwa amesimama hatua nne kutoka kwenye moto akidhani yuko mbali, kumbe mvuke umeshamtangulia. Aliwaambia namna inavyofanywa. Unapima kidogo kwenye bika ndogo. Unafunga chupa. Unaitoa chupa chumbani, na si kuisogeza pembeni. Ndipo unawasha, na kikizimika kimezimika, huongezi mpaka kibakuli kiwe baridi mkononi. Na mbele ya watazamaji kunakuwa na kioo cha kinga.

"Tuna kioo cha kinga?" mmoja aliuliza.

"Nimekiomba mara tisa," Bi Funguo alisema. "Barua ninazo."

Wiki ya pili ikaja ratiba ya mtihani wa mwisho. Mtihani wa vitendo wa kemia ulipangwa Jumanne ileile ya moto kufika, saa tatu hadi saa tano na nusu, kwenye maabara ileile, na namba za viti zilikuwa zimeshatumwa makao makuu ya mitihani pamoja na majina. Kiranja alikuwa namba kumi na saba.

Bi Funguo alikwenda ofisini na rula ya Kiranja mkononi.

"Mkuu, naomba mtoto ahamishwe kiti. Kiti kimoja tu."

"Namba zimeshatumwa, Bi Funguo. Nikimhamisha mmoja, matokeo ya wote yanaweza kuzuiwa. Nimeliona hilo shule nyingine."

"Tuwaandikie basi."

"Andika. Nitasaini."

Alisaini kweli, hakuwa mtu mbaya. Jibu lilikuja baada ya siku nane, karatasi moja yenye mihuri miwili. Lilisema mabadiliko ya viti hayaruhusiwi baada ya usajili, lakini mtahiniwa anaruhusiwa kuvaa miwani ya kinga endapo atajitafutia mwenyewe.

Mama yake Kiranja, aliyekuwa fundi wa nguo, naye alikuja, bado na sindano mbili kwenye kola ya gauni. Mkuu alimweleza kwa upole kwamba binti anaweza kujiondoa na kufanya mtihani mwakani.

"Mwaka mzima?" mama aliuliza. "Mwanangu akae nyumbani mwaka mzima kwa kuwa moto wa mtu mwingine una miadi na kiti chake?"

Mkuu alisema anaelewa uchungu wa mzazi. Kuelewa huko hakukuwa na nafasi kwenye ratiba.

Siku iliyofuata Bi Funguo aliingia maabara alfajiri na spana namba kumi na tatu, akafungua bolti nne za kiti namba kumi na saba, akakibeba hadi stoo na kukifungia. Saa nne mwalimu wa ufundi alikuja na barua ya ofisi, akaomba radhi, akakirudisha. Kiti kilikuwa kimeandikwa kwenye daftari la mali kama kitu kisichohamishika, na mara hii alikichomelea.

"Ningefanyaje, dada yangu?" alisema akikusanya waya zake. "Mimi nimeambiwa nichomelee."

Kiranja mwenyewe aliyasikiliza yote hayo. Jioni alimfuata Bi Funguo stoo.

"Nitakaa," alisema. "Mtihani unaanza saa tatu. Moto unafika saa nne na kumi. Nikimaliza kabla ya hapo, nitakuwa sina deni na mtu."

"Huo ni mtihani wa saa mbili na nusu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Kuanzia hapo, kila siku baada ya masomo, walifanya mazoezi. Bi Funguo alimfundisha kufungua bomba la bureti kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukitikisa chupa, kuyasoma matone kwa sikio, kuijua rangi ya waridi kabla haijawa ya waridi. Siku ya kwanza Kiranja alitumia saa mbili na dakika ishirini. Siku ya sita alitumia saa moja na nusu. Ijumaa ya mwisho alimaliza kwa dakika hamsini na nane, akaweka kalamu chini, akacheka kwa sauti, na Bi Funguo akagundua kwamba hajawahi kumsikia akicheka.

Lakini Bi Funguo alikuwa ameisoma kanuni ya mtihani mpaka mwisho, na alijua kitu ambacho hakumwambia mtoto. Aliyemaliza haruhusiwi kutoka chumbani, na kiti chake hakiruhusiwi kuachwa wazi. Alimwambia mdogo wake.

Ilikuwa Jumamosi mchana, maabara tupu. Mwalimu Cheche alikuja mwenyewe na kusimama mbele ya moto kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Ncha ilikuwa imefunguka sasa, pana kama beseni, na kuinama pembeni kusingemsaidia mtu aliyekaa pale.

"Miaka kumi na mmoja, dada," alisema. "Miaka kumi na mmoja sijamuunguza mtu hata ukucha."

"Najua."

"Hata aliyenifundisha mimi alikuwa anamimina hivihivi. Anamimina huku anaangalia dirishani."

"Yeye moto wake haukufika."

Mwalimu akakaa kwenye kiti namba kumi na saba, akautazama moto usoni.

"Ulisema niweke kiganja juu yake."

"Nilisema."

"Ingenichukua muda gani?"

"Kuweka kiganja? Muda wa kupiga chafya."

Aliinuka kitini. Kisha akamwomba dada yake amwonyeshe namna inavyomiminwa. Bi Funguo akaleta maji badala ya spiriti, na bika ndogo, na mdogo wake akamimina, akafunga chupa, akaitoa nje ya chumba, akarudi. Akarudia. Alirudia mara saba, ulimi ukiwa umetoka pembeni mwa mdomo, kama alivyokuwa akifanya utotoni alipokuwa anajifunza kufunga kamba za viatu. Bi Funguo aligeuza uso kidogo, akajifanya anatafuta kizibo.

Jumanne ikafika. Msimamizi wa mtihani alikuwa mgeni kutoka nje ya shule, bwana mfupi mwenye tai na saa kubwa ya mkononi. Aliukagua moto kama alivyokagua madirisha.

"Una kelele?"

"Hauna," Mkuu alisema.

"Basi hausumbui watahiniwa."

Bi Funguo alikuwa ameweka bati mbele ya kiti namba kumi na saba. Msimamizi aliagiza liondolewe, kwa kuwa mtahiniwa lazima aonekane. Likaondolewa. Saa tatu kamili karatasi zikagawiwa. Kati ya moto na paji la uso la Kiranja palikuwa na nafasi ya punje ya mahindi.

Aliandika kama mvua. Bureti yake ilikuwa ya kwanza kushuka na ya kwanza kujazwa tena. Hakuinua macho hata mara moja. Mwanga wa kijani ulicheza kwenye miwani aliyoazimiwa na mama yake, ya mtu anayechomelea mageti mtaani kwao. Saa nne kasoro dakika moja aliweka kalamu chini na kunyoosha mkono.

"Nimemaliza."

"Vizuri," msimamizi alisema. "Kaa hapohapo hadi saa tano na nusu."

Kiranja aliutazama moto, kisha akamtazama Bi Funguo aliyekuwa mlangoni mwa stoo. Hakulia. Alikunja mikono.

Saa nne na dakika nne Mwalimu Cheche aliingia.

"Mwalimu wa somo haruhusiwi humu," msimamizi alisema.

"Sikuja kama mwalimu wa somo. Nimekuja kukaa. Kanuni inasema kiti kisiachwe wazi. Haisemi akae nani."

Msimamizi alitoa kijitabu, akasoma ukurasa ule, akaugeuza, akasoma wa nyuma yake. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. "Ni kweli," alisema. "Mtahiniwa aliyemaliza abaki chumbani. Kiti kisiachwe wazi. Haisemi nani."

Kiranja akainuka na kwenda kusimama kwenye ukuta wa nyuma. Mwalimu akakaa. Bi Funguo alitoka stoo na blanketi zito la sufu lililolowa maji mpaka linadondoka, akamfunika mdogo wake kuanzia kichwani.

"Hilo linaruhusiwa?" msimamizi aliuliza.

"Limelowa," Bi Funguo alijibu.

Msimamizi aliona hilo ni jibu. Kisha akakumbuka jambo. "Lakini mikono iwe juu ya meza. Kila aliyekaa kwenye kiti cha mtihani, mikono yake niione."

Blanketi likasogea. Halafu mikono ya Mwalimu Cheche ikatoka, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, ikalala juu ya meza, viganja chini.

"Dada," sauti ilisema kutoka ndani. "Uko hapo?"

"Niko hapa. Funga macho."

Saa nne na dakika kumi moto ulifika, na ulipofika haukuwa tena na sababu ya kwenda polepole. Ulipita kwa muda wa kupepesa jicho. Mlio wake nao ukafika, na mayowe ambayo darasa halikupata nafasi ya kuyapiga siku ile yakafika yote kwa pamoja. Kisha ukaisha. Chupa ilibiringika mezani, tupu kabisa, ikasimama.

Bi Funguo alimvuta mdogo wake hadi kwenye bomba na kuiweka mikono yake chini ya maji yanayotiririka, akaishikilia hapo dakika ishirini, akimfukuza kila aliyekuja na mafuta, dawa ya meno au ushauri. Blanketi lilikuwa limekauka upande mmoja. Uso ulikuwa salama, nywele salama. Mikono ilivimba na kubadilika rangi hadi kwenye vifundo, na Mwalimu alitetemeka kama mtu wa homa, ila kila mara aliuliza kama mtoto yuko sawa.

"Nipo, Mwalimu," Kiranja alisema kutoka ukutani. Hakuruhusiwa kusogea.

Watahiniwa waliongezewa dakika tano kwa ajili ya usumbufu.

Alasiri Mkuu alitoa fomu kwenye droo, akaijaza kwa ahueni ya mtu ambaye hatimaye amepata vyote vinavyotakiwa. Jina, mwalimu wa kemia. Sehemu iliyoumia, mikono yote miwili. Tarehe, saa. Kwenye sababu ya ajali aliandika kwa herufi kubwa: MHUSIKA ALIKAA KWENYE KITI KISICHO CHAKE.

Mkaguzi alikuja Jumatatu iliyofuata, mtu mchangamfu mwenye mkoba uliopasuka mshono. Aliomba aonyeshwe kiti. Alikipiga picha, akakipima urefu, akaandika kwamba kiti namba kumi na saba kiondolewe kwenye maabara. Mwalimu wa ufundi akaitwa, akakikata.

"Na kumimina?" Bi Funguo aliuliza. "Na chupa? Na kioo cha kinga?"

"Hayo hayamo kwenye fomu, mama."

Shehena ya vifaa vya muhula ilikuwa imeshafika asubuhi hiyo. Spiriti ilikuja kwenye chupa ya lita nne, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye orodha, na Mkuu alikuwa ameuliza kama moto wa rangi utakuwepo siku ya wazazi, maana wengi waliusikia na wanataka kuuona. Mwalimu wa fizikia alisema anaweza kuufanya yeye. Si kitu kigumu.

"Moto kama huu si wa kwanza, usijilaumu," mkaguzi alisema akinywa chai. "Nina minne mwaka huu. Mmoja uko njiani tangu mwaka jana, wao wana ukumbi mrefu. Mwingine, shule ya wasichana kule juu ya kilima, unafika Ijumaa."

Bi Funguo akaweka kikombe chini. "Kiti cha ngapi?"

"Mstari wa kwanza. Mtoto mdogo mdogo hivi." Alitazama kalenda ya ukutani. "Lakini leo Jumatatu. Tuna muda."

Jioni Bi Funguo alikwenda kwa mdogo wake. Alimkuta sebuleni, mikono imefungwa bandeji hadi viwiko, imewekwa juu ya mto kama vitu vya kuazima. Alimnywesha uji kwa kijiko, akimkemea kwa kutofungua mdomo vizuri, na katikati ya vijiko akamweleza yote: kiti kilichokatwa, chupa mpya, mwalimu wa fizikia, shule ya juu ya kilima.

Mwalimu Cheche alimeza.

"Ijumaa saa ngapi?"

"Saa saba mchana. Wako kipindini." Bi Funguo alikwangua bakuli. "Usinitazame hivyo. Na mikono hiyo utafanya nini?"

"Nitakaa," alisema. "Kukaa hakuhitaji mikono."

Bi Funguo alimpa kijiko cha mwisho, akamfuta kidevu kwa ncha ya kanga, akauliza basi la kwenda huko linaondoka saa ngapi.